Msoma Nyayo Aliyefutwa: Kutafuta na Kunyatia Mawindo katika theHunter: Call of the Wild

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umepanua mipaka yake kwa hatua za tahadhari. Riwaya ilipobisha hodi, walikuwako walioona kwamba ushairi pekee ndio ulistahili jina la sanaa. Fasihi simulizi ilipobisha, walikuwako walioshikilia kwamba lisiloandikwa haliwezi kuhakikiwa. Leo anayebisha hodi ni mchezo wa kompyuta, na yamkini atapokewa kwa shaka iyo hiyo. Makala haya hayanuii kuthibitisha kwamba mchezo wa kompyuta ni fasihi. Mjadala huo tunawaachia wengine. Tunachodai ni kidogo zaidi: kwamba upo mchezo mmoja ambao kiini chake ni usomaji wa ishara, na kwa hivyo mhakiki wa fasihi hana budi kuukabili kwa zana alizo nazo.

Mchezo huo ni theHunter: Call of the Wild, uliotolewa mwezi wa Februari 2017 na Expansive Worlds, kitengo cha kampuni ya Avalanche Studios ya Uswidi. Ulitanguliwa na mchezo mwingine wa watengenezaji hao, theHunter, wa mwaka 2009. Sehemu ya pili ya jina lake ni jina la riwaya ya Jack London iliyochapishwa mwaka 1903. Mchezaji huiona nchi kwa macho ya mwindaji asiyeonekana uso, na kazi yake ni kuzunguka katika hifadhi pana, kutafuta dalili za wanyama, kuwafuata, kuwanyatia, na hatimaye kuwapiga risasi. Hifadhi mbili za mwanzo zilikuwa Hirschfelden, iliyobuniwa kwa mfano wa misitu na mashamba ya Ujerumani, na Layton Lake, iliyobuniwa kwa mfano wa kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mwaka 2018 iliongezwa hifadhi iitwayo Vurhonga Savanna, iliyobuniwa kwa mfano wa mbuga za kusini mwa Afrika.

Hoja yetu ina pande mbili ambazo haziwezi kutenganishwa. Kwanza, mchezo huu umefaulu kuligeuza tendo la kutafuta na kunyatia mnyama kuwa tendo la kusoma, na humo ndimo uliko utamu wake. Pili, umefaulu hivyo kwa kumfuta yule ambaye katika historia ya uwindaji wa Afrika ndiye aliyekuwa msomaji, yaani msoma nyayo. Maarifa yake yamehifadhiwa ndani ya mchezo, ilhali yeye mwenyewe hayumo.

Kusaka, kuvizia, kunyatia

Kabla ya kuingia mbugani, inafaa tuchunguze msamiati, kwani lugha yetu haikuridhika na kitenzi kimoja. Kuwinda ndilo neno la jumla. Kusaka hubeba dhana ya kutafuta kwa juhudi, kupekua kila kichaka. Neno la kale msasi, lenye maana ya mwindaji, lahusishwa na kitenzi hicho. Kuvizia ni kukaa kimya mahali pamoja ukingoja mawindo yaje yenyewe. Kunyatia, au kunyemelea, ni kinyume chake: mawindo yametulia na anayesogea ni mwindaji, hatua kwa hatua, huku akiuficha mwili wake na kuizuia pumzi yake. Methali isemayo kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama imejengwa juu ya maana hii ya mwisho.

Matendo yote haya yamo katika mchezo tunaouhakiki. Mchezaji aweza kuvizia kando ya maji, kwa sababu wanyama wamepangiwa mahali na saa za kunywa, kula na kupumzika, na saa za mchezo huenda kwa kasi kuliko saa za kawaida. Aweza pia kutumia vyombo vya kuigiza milio ili amvute mnyama aje alipo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya muda hupita katika kusaka na kunyatia. Anayeufikiria mchezo wa bunduki kuwa mfululizo wa milipuko atashangaa kuona kwamba hapa mchezaji aweza kutembea nusu saa nzima bila ya kufyatua risasi hata moja. Uchelewesho huu haukutokea kwa ajali. Ndio muundo wenyewe wa kazi.

Victor Shklovsky, katika insha yake mashuhuri ya 1917, alieleza kwamba sanaa hurefusha na kutatiza tendo la kutambua, ili kitu kilichozoeleka kihisiwe upya. Ukichukua maoni hayo na kuyapeleka Hirschfelden, utaona yanavyofaa. Mtu aliyezoea kutembea bila ya kuwaza analazimika kufikiri juu ya kila hatua. Akikimbia, kelele yake husikika mbali. Akipita kichakani, majani humsaliti. Akisimama wima juu ya kilima, huonekana. Hulazimika kuinama, kisha kulala kifudifudi, na kutambaa. Kutembea, jambo la kawaida kuliko yote, kunakuwa kugeni.

Unyayo kama matini

Mwaka 1979 mwanahistoria wa Kiitaliano Carlo Ginzburg alichapisha insha juu ya dalili na namna ya kuzisoma. Humo alipendekeza kwamba huenda wazo lenyewe la kusimulia lilizaliwa katika jamii za wawindaji, kwa kuwa mwindaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweza kusoma, katika alama bubu zilizoachwa na mnyama, mfuatano wa matukio. Alama moja ya kwato haisimulii lolote. Alama kumi zilizopangwa kwa utaratibu zinasema: alipita hapa, akasimama, akasikia kitu, akakimbia. Kwa mtazamo huu, msoma nyayo ni babu wa msimulizi na pia babu wa mhakiki. Ginzburg alimweka katika ukoo mmoja na tabibu asomaye dalili za maradhi na mpelelezi wa riwaya asomaye dalili za uhalifu. Nasi tunaye wa kumtia katika ukoo huo: Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammad Said Abdulla, aliyejulikana kwa wasomaji tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960).

Katika theHunter: Call of the Wild nadharia hii inapata mwili. Mchezaji hukuta chini alama ya kwato, au kinyesi, au huusikia mlio. Akiichunguza alama, huarifiwa aina ya mnyama, ubichi wa alama, na hali ya mwendo wake: alikuwa akitembea au akikimbia kwa hofu. Huonyeshwa pia upande alikoelekea. Akifuata mwelekeo huo, hukuta alama ya pili, kisha ya tatu, na kidogo kidogo hujengeka kisa. Mnyama alitoka malishoni alfajiri, akashuka bondeni, hapa akapunguza mwendo, hapa alama ni mbichi mno, kwa hivyo yu karibu. Ploti ya kila windo husukwa kutoka mwisho kuelekea mwanzo wake, kwa maana mchezaji huanza na mabaki ya tendo na kumfuata aliyelitenda. Taharuki haitokani na swali la kama mnyama yupo. Hutokana na kuujua ukaribu wake kabla ya kumwona.

Hata baada ya risasi usomaji haumaliziki. Mnyama aliyejeruhiwa aghalabu hukimbia, na mchezaji hurudi chini kusoma damu. Tone la damu humwarifu kasi ya kuvuja kwake, na kutokana na hayo hukadiria kama jeraha ni la mapafu au la nyama tu, na kama ni busara kungoja au kufuata mara moja. Hapa kisa huwa kizito kimaadili, kwa maana sasa mchezaji anaufuata msiba alioufanya mwenyewe. Tumeona kwamba baadhi ya nyakati zenye uzito mkubwa katika mchezo huu ni hizi za ukimya baada ya kishindo: njia ya damu inayopungua, giza linaloingia, na shaka kama mnyama atapatikana.

Mnyama kama msomaji

Mchezo huu una jambo jingine la kusifiwa, nalo ni kwamba usomaji ndani yake ni wa pande mbili. Mnyama naye husoma. Upepo una mwelekeo, na harufu ya mwindaji huchukuliwa nao. Mchezaji anayemkaribia nyati huku upepo ukimpuliza mgongoni amekwisha kujitangaza. Mnyama husikia, huona, hunusa, huinua kichwa, hutoa mlio wa kuwaonya wenziwe. Isitoshe, mahali palipopigwa risasi mara kwa mara hupata sifa mbaya kwa wanyama, nao hupahama: ramani huonyesha athari hiyo kama doa lililotanda. Nchi hukumbuka alichotenda mchezaji.

Wasomaji wa fasihi simulizi hawatashangazwa na mnyama msomaji. Hekaya ya simba mgonjwa, inayonasibishwa na Esopo na iliyozoeleka mno kwetu, imejengwa juu ya nyayo. Wanyama wanaingia pangoni kumjulia hali mfalme. Mmoja mwerevu anasita mlangoni kwa kuwa ameona nyayo zinazoingia na hakuona hata mmoja unaotoka. Katika hekaya hiyo kusoma nyayo ni silaha ya anayewindwa, na ndiyo inayomwokoa. Mchezo huu, kwa kumpa mnyama pua na masikio yanayofanya kazi, umehifadhi chembe ya hekima hiyo. Mnyama hakuwekwa pale kama shabaha ya mazoezi. Ana maarifa yake, na mchezaji hana budi kuyaheshimu akitaka kumkaribia.

Hata hivyo, usawa huu una mipaka ambayo mhakiki hawezi kuinyamazia. Mnyama aweza kumsoma mwindaji, lakini hawezi kulibadili kusudi la kisa. Katika ngano zetu Sungura huponyoka na kumwacha Fisi akiaibika, na huo ndio mwisho tunaoungoja. Hapa mnyama aliyeponyoka ni windo lililoahirishwa tu.

Mwangaza juu ya unyayo

Sasa tufike penye kiini cha lawama yetu. Tumesema kwamba mchezaji huisoma alama. Lakini je, anaisoma kweli? Nyayo za mnyama anayefuatwa hung'aa juu ya ardhi. Mchezaji hatambui kwato za nguruwe mwitu kwa umbo lake. Hubonyeza kitufe, na jina la mnyama huandikwa kiwamboni. Hakadirii ubichi wa alama kwa kingo zake zilizobomoka au kwa umande ulioukalia, huambiwa. Anacho pia kifaa cha mkononi kiitwacho HunterMate, chenye ramani, kinachomwonyesha ukubwa wa kelele yake, kiasi anachoonekana, na upande inakoelekea harufu yake. Kwa maneno mengine, kati ya mchezaji na unyayo amesimama mfasiri asiyeonekana, ambaye amekwisha kuisoma matini na kumkabidhi muhtasari.

Linganisha na riwaya ya upelelezi. Bwana Msa huona tunachokiona na kuelewa tusichokielewa; mwandishi hutuacha na dalili mikononi hadi mwisho, ndipo atufafanulie njia aliyopitia. Raha ya msomaji imo katika mwanya ulio kati ya dalili na ufafanuzi. Mchezo huu umeuziba mwanya huo kwa sehemu kubwa. Kinachobaki kwa mchezaji ni kuamua: niende upande upi, nisogee kwa kasi gani, ningoje au nifuate. Uamuzi huo una thamani, na hatuubezi. Ila uamuzi si usomaji, na mchezo unampa mchezaji fahari ya msomaji bila ya kumtwika kazi yake.

Mtetezi wa mchezo atajibu kwamba hali haingeweza kuwa vingine. Kiwambo hakina harufu. Hakina unyevu, hakina joto la kinyesi kilichodondoshwa punde. Mwindaji halisi husoma kwa mwili mzima, na mchezaji ana macho na masikio pekee. Mwangaza juu ya unyayo ni fidia ya hisi zilizokosekana. Jibu hili ni la haki na tunalikubali kwa kadiri linavyofika. Kila sanaa ina kaida zake: jukwaani mhusika hujisemea kwa sauti ili tuijue nafsi yake, na hatumwiti mwendawazimu. Lakini kaida huchaguliwa, na uchaguzi huwa na historia. Fidia ile ile ingeweza kutolewa kwa njia nyingine: kwa sauti ya mtu anayetembea kando ya mchezaji, akainama, akagusa mchanga, akasema alichokiona na sababu ya kukisema. Watengenezaji walichagua kifaa. Tunauliza ni nani aliyesimama mahali hapo kabla ya kifaa.

Aliyesimama mahali pale

Neno safari lilitoka katika Kiswahili likaingia katika Kiingereza likiwa limepunguzwa maana: kutoka mwendo wowote wa mtu hadi msafara wa mgeni anayekwenda kuwinda, na baadaye kutazama, wanyama wa Afrika. Msafara uliolitangaza zaidi neno hilo ulikuwa ule wa Theodore Roosevelt, aliyeteremka Mombasa mwaka 1909 baada ya kumaliza kipindi chake cha urais wa Marekani. Yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512, na mwaka 1910 akachapisha kitabu kuihusu safari hiyo. Nyuma ya idadi hiyo walikuwako wapagazi, wabeba bunduki na wasoma nyayo wa Kiafrika. Ndio walioliona vumbi lililovurugwa, wakaujua umri wa alama, wakaupima upepo kwa vumbi lililopeperushwa kutoka ganjani, wakaelekeza kwa kidole. Aliyefyatua risasi alipata jina na pembe za kutundika ukutani. Katika masimulizi mengi ya aina hiyo msoma nyayo hutajwa kwa jina moja tu au hatajwi kabisa, na ujuzi wake huelezwa kama silika, mithili ya pua ya mbwa.

Wakati uo huo sheria za kikoloni zilimgawa mtu huyo sehemu mbili. Alipomsomea nyayo mgeni mwenye leseni, alikuwa mtumishi stadi. Alipojisomea mwenyewe ili alishe watu wake, alikuwa jangili. Mfano ulio wazi ni wa Waata wa nyika ya Kenya, ambao wakoloni waliwaita Waliangulu, wawindaji wa ndovu kwa pinde ndefu na mishale ya sumu. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 katika nchi waliyoizoea, na katika miaka ya 1956 na 1957 iliendeshwa huko kampeni kali ya kuwakamata. Tusije tukaeleweka vibaya: ndovu walihitaji kulindwa, na biashara ya pembe ilikuwa na wanunuzi wakubwa walioketi mbali na nyika. Lakini haielekei kuwa kwa bahati tu kwamba elimu moja iliitwa ustadi ilipomtumikia mmoja na uhalifu ilipomtumikia mwingine. Baada ya uhuru, mwaka 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Ndiyo kusema kwamba Mkenya aliyezaliwa baada ya mwaka huo, akitaka kujua ladha ya kunyatia nyati bila ya kuvunja sheria nchini mwake, hana njia iliyo karibu zaidi kuliko mchezo kama huu.

Kwa kuzingatia historia hiyo, HunterMate hakiwi tena kifaa kisicho na ukoo. Kimerithi kazi ya msoma nyayo: kinatambua, kinakadiria, kinaelekeza, na hakidai jina wala ujira. Ni msoma nyayo aliyefikia ukamilifu ambao mwindaji wa safari aliutamani, yaani ujuzi usio na mtu ndani yake. Na mchezaji, ambaye hajui lolote juu ya kwato, huonekana mbele ya nafsi yake kuwa bingwa wa pori.

Mbuga isiyo na wenyewe

Ukimya huu unadhihirika zaidi katika Vurhonga Savanna. Kimandhari, hifadhi hiyo ni kazi ya kupendeza: nyasi za rangi ya dhahabu, miti iliyotawanyika, mwanga wa jioni unaolala juu ya vumbi. Wamo nyati, nyumbu, ngiri, bweha na sungura. Lakini mchezaji aweza kuizunguka yote asikutane na binadamu hata mmoja ila wachezaji wenziwe walioingia kupitia mtandao. Hakuna mchungaji anayepita na mifugo. Hakuna mwanamke anayetafuta kuni. Afrika imetolewa kama nchi ya wanyama, iliyo tayari kusomwa na mgeni, na isiyo na wasomaji wake yenyewe. Wazo hili la pori tupu si geni. Ndilo lililowafanya Wamaasai wahamishwe kutoka Serengeti mwaka 1959 ili mbuga ifanane na picha yake.

Kuna dalili nyingine ndogo, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataiona haraka kuliko wengine. Katika mbuga hiyo moja wamo tandala mdogo pamoja na yule swala wa kusini ambaye ni nembo ya timu ya raga ya Afrika Kusini. Tandala mdogo ni mnyama wa vichaka vikavu vya kwetu: hupatikana Tsavo, Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Tanzania. Swala yule wa nembo ni wa nyanda kavu za kusini mwa bara. Katika maumbile wanyama hawa wawili hawakutani, kwa kuwa kati yao pana maelfu ya kilomita. Mhakiki mwenye pupa ataliita kosa hili dogo na kulipita. Sisi tunaona ni unyayo unaostahili kufuatwa. Unatuambia kwamba mbuga hii haikusomwa kutoka ardhini. Imekusanywa kutoka katika orodha ya wanyama wanaojulikana kwa jina la jumla la Kiafrika. Msoma nyayo yeyote, awe Mwata wa Tsavo au Msan wa Kalahari, angesimama mbele ya alama hizo mbili zilizo kando kwa kando na kukataa kuendelea. Kutokuwako kwa mtu wa kukataa ndiko tunakokuita kufutwa.

Mwisho unaohesabiwa

Tumalizie uchambuzi kwa kuangalia hatima ya windo. Mchezaji akimfikia mnyama aliyekufa, kiwambo hubadilika. Hutokea maelezo ya njia ya risasi na viungo ilivyovipita, uzito, alama za thamani ya pembe, na daraja: shaba, fedha, dhahabu au almasi. Hupatikana pointi na pesa za mchezo. Saa nzima ya kutambaa na kushuku inafungwa kwa hesabu.

Kifani huu ni udhaifu, kwa sababu mwisho hauna uhusiano na mwanzo. Kilichosimuliwa na nyayo kilikuwa kisa cha mnyama mmoja katika alfajiri moja. Kinachoandikwa mwishoni ni nafasi yake katika jedwali. Katika jamii nyingi za wawindaji mnyama hufungwa kwa maneno: aliyemfuata hurudi nyumbani akasimulia, wengine wakabisha, wakacheka, wakaongeza chumvi, na nyama ikagawanywa kwa utaratibu unaojulikana. Huko ndiko usomaji wa nyayo unakokamilika kuwa fasihi. Mchezo wetu umechukua nusu ya kwanza ya tendo hilo, yaani kusoma, na kuikata nusu ya pili, yaani kusimulia. Haishangazi kwamba aliyefutwa ni mtu yule yule ambaye angesimulia.

Hitimisho

Je, tuhukumuje? Tukiupima kwa ufundi wake wa taharuki, uchelewesho, na kumfanya mnyama kuwa msomaji mwenzi, theHunter: Call of the Wild ni kazi iliyotungwa kwa umakini na inayostahili kusomwa na wanafunzi wetu kando ya riwaya ya upelelezi. Humfundisha mchezaji subira, na humfundisha kuangalia chini. Tukiupima kwa kile unachokificha, ni mrithi mwaminifu wa masimulizi ya safari ya karne iliyopita, yaliyokula matunda ya ujuzi wa Mwafrika na kumwacha nje ya fremu ya picha. Hukumu zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na haielekei kwamba moja itaifuta nyingine.

Lakini itakuwa ni unafiki tukiilaumu kampuni ya Stockholm kwa kumsahau msoma nyayo ilhali sisi wenyewe hatujamwandika. Ni tasnifu ngapi katika idara zetu zimekusanya lugha ya wawindaji: majina ya hatua za umri wa alama, istilahi za upepo, namna ya kuyataja mawindo bila ya kuyaita kwa jina lake? Tunayo mikusanyo ya nyimbo za harusi, za jando na za kazi. Visa vya Waata, vya Waaweer wa bara ya Lamu, vya Waogiek wa Mau na vya Wakamba, vinavyosimulia windo kutoka alama ya kwanza hadi mgao wa nyama, bado vinangoja kupewa nafasi kama hiyo. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya kwa zaidi ya miongo minne, na wale waliouishi wakiwa watu wazima sasa ni wazee. Ng'ambo ya mpaka, kando ya ziwa Eyasi, Wahadzabe bado wanawinda, na huko mtafiti aweza kuandamana na msomaji akiwa kazini.

Pendekezo letu, basi, ni kwamba fasihi simulizi ya wawindaji ifanywe kuwa kipera kinachojitegemea katika silabasi za uzamili, na kwamba mtafiti akienda kwa mzee asimwulize tu hadithi gani anazijua. Amwombe waende pamoja hadi penye mchanga, ainame, asome, na aeleze kwa sauti alichokisoma na sababu zake. Maelezo hayo yakirekodiwa neno kwa neno, tutakuwa na matini ambayo hakuna kifaa cha mkononi kinachoweza kuitoa, na wahakiki wanaokuja nyuma yetu watakuwa na kitu cha kuulinganishia mchezo wowote wa namna hii utakaotungwa baadaye.